Jekundu la Viti Viwili, Jeupe la Viti Vinne

Wasomaji, kwanza mniwie radhi. Mwandiko wangu unalala upande, na herufi za r na l hunichanganya mpaka leo. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeitumia zaidi kuandika jina la shangazi nyuma ya viti vya plastiki ili visipotee. Naandika polepole. Neno moja naweza kulikata mara mbili ndipo nilipate. Mkifika mahali nimekosea, someni kwa sauti, huenda sikio likaelewa kile ambacho jicho limekataa.

Nakaa Mabawa, Tanga mjini, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Babu yetu alikuja huku kukata mkonge, akabaki, na sisi wote tumezaliwa hapa. Shangazi ni mtu wa mapambo. Ana maturubai, viti, vitambaa vya kila rangi na maua ya plastiki ambayo kila baada ya shughuli tunayaosha kwa sabuni na kuyaanika uani kama mboga. Anapamba harusi za kanisani kwetu Walutheri, za Wakatoliki, na za Waislamu ambazo ndizo nyingi. Mimi nilikuwa dereva wake. Nilikuwa naendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nabeba viti, nashusha, nafunga turubai, naondoka. Watu wanapoanza kuvaa nguo nzuri mimi sipo. Kesho yake narudi kukusanya.

Kazi ile niliipenda kwa sababu napenda kuendesha, na kwa sababu hakuna anayemtazama dereva wa kirikuu. Mimi ni mtu wa aibu. Sijui niliitoa wapi, maana ndugu zangu wote ni wasemaji. Nikiitwa mbele za watu shingo inakuwa ya moto na maneno yanagoma kutoka. Kanisani nakaa nyuma ya nguzo. Dukani nikikuta watu wengi nazunguka nyumba moja mbili mpaka wapungue.

Sasa asubuhi moja shangazi alikuwa uani anakunja vitambaa. Akasema bila kuinua uso, "Kirikuu nakiuza."

Nilidhani anatania. "Kwa nini shangazi?"

"Viti siku hizi kila mtu anavyo. Kupamba kila mtu anapamba. Lakini gari la kufunguka paa, la kubebea maharusi, hapa mjini nani analo? Nalitaka mimi."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye dereva. Utavaa suti."

Nikakaa juu ya ndoo. Shangazi akaacha kukunja, akanitazama vizuri.

"Baba, nikuulize. Dereva wa harusi anatembea mwendo wa kinyonga, paa wazi, mbele matarumbeta, pembeni mtu wa kamera. Mji mzima unamwona. Utaweza? Kama huwezi niambie mapema, nitafute mwingine. Sitakasirika. Lakini kirikuu kinaondoka."

Nikasema nitaweza. Nilisema haraka kwa sababu niliogopa kubaki bila usukani. Halafu siku ile sikutulia. Niliosha kirikuu, nikaona bado ni chafu, nikakiosha tena. Nilienda mpaka barabarani nikarudi bila kununua kitu.

Magari yenyewe yalikuwa kwenye yadi moja ya magari ya mtumba, njia ya kwenda bandarini. Yalikuwa mawili, yameegeshwa nyuma kabisa chini ya turubai. Mwenye yadi alikuwa kijana mnene mwenye maneno mengi. Alipovuta turubai nilisahau kumsalimia.

La kwanza lilikuwa jekundu. Pua ndefu, mgongo mfupi, limekaa chini hata nikisimama karibu paa lilinifika chini ya kifua. Viti viwili tu, vya ngozi nyeusi, vimekunjamana kidogo upande wa dereva kama kiganja. La pili lilikuwa jeupe, refu kidogo, la viti vinne, paa la kitambaa cheusi. Ngozi ya viti vyake ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na nyuma palikuwa na alama ya kahawa ya mtu ambaye hatutamjua. Yote mawili yalikuwa ya Kijerumani, yote yametokea Japani, yote yalikuwa na umri wa mtu aliyemaliza shule. Lakini jekundu halikuonyesha umri.

"Mama mapambo," alisema yule kijana, "hii nyekundu ukiipaki nje ya ukumbi watu wanaacha biriani."

"Biriani la nani linaachwa Tanga hii?" shangazi akamjibu. Akalizunguka mara moja, akainama dirishani. "Bwana harusi anakaa wapi?"

"Hapa."

"Na bibi harusi?"

"Pale."

"Na dereva?"

Kijana akacheka. "Mama, hii ni spoti. Bwana harusi anaendesha mwenyewe. Ndiyo mtindo."

"Na somo wa bibi harusi?"

Kwa asiyezijua harusi za huku, somo ni yule mama anayemfunda binti na kumsindikiza mpaka kwa mumewe. Hambanduki ubavuni.

"Somo achukue bodaboda," kijana akasema.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Somo wa Tanga apande bodaboda nyuma ya mwari wake! Wewe utafukuzwa mji huu na viatu vyako mkononi."

Nilidhani basi, jekundu limekataliwa. Lakini shangazi ni mfanyabiashara. Akasema vijana wa kisasa wapo, wanaofunga ndoa kanisani na kutaka kupiga picha ufukweni, na hao watalipenda jekundu kuliko kitu chochote. Akasema yeye magari hayajui, anayejua ni mimi, na atakayekuwa nalo kila siku ni mimi.

"Chagua wewe," akaniambia. "Jekundu, wewe unalipeleka, unamkabidhi bwana harusi, unalifuata jioni, unaliosha. Hutaonekana na mtu. Jeupe, unaendesha wewe. Sema tu."

Nikaenda kushika mlango wa jekundu.

Kijana aliniruhusu nijaribu jekundu. Nikaingia, nikakaa, na nilihisi kama nimeketi sakafuni. Nikaliwasha. Sauti yake haikuwa kubwa, ilikuwa nzito, niliisikia mgongoni kabla ya masikioni. Tulitoka yadi, yeye pembeni yangu, paa limefungwa. Lile gari nililigusa tu likaenda. Kona nilizokuwa nikizipita na kirikuu kwa kushika usukani mikono miwili na kumwomba Mungu, hili lilizipita kana kwamba barabara ndiyo inayojikunja. Kwa kipande kile kifupi cha lami sikumbuki kama niliwaza chochote. Mtu wa aibu muda wote anajiwaza. Pale sikujiwaza.

Halafu tukakuta tuta. Nilipunguza mwendo mpaka likawa linatambaa, nikalipandisha upandeupande. Hata hivyo likajikuna tumbo, sauti ndefu ya chuma na saruji. Wanafunzi waliokuwa wanavuka wakashika midomo.

"Hilo tuta ni baya," kijana akasema.

Mji wetu una matuta kila mahali.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Shangazi hakuniuliza, na kutouliza kwake kulinisumbua zaidi ya kuuliza. Nilikuwa nakula nasimama. Nikishika kijiko nafikiria gia ya jekundu. Nikilala mchana nashtuka naona nimevaa suti, mji mzima umesimama kando ya barabara unanitazama, na mimi natafuta breki siioni. Nilijiambia, chukua jekundu, utakaa na gari unalolipenda na hakuna atakayekuona. Halafu nikajijibu, kukaa nalo vipi? Utakuwa muosha gari. Wanaume wengine watakuja na suti zao, watakaa juu ya ngozi ile, watalikuna kwenye matuta, na wewe utasubiri na ndoo. Nikaamua jeupe. Nikifika mlangoni kwa shangazi kumwambia, najiona tena katikati ya matarumbeta, narudi.

Mwishowe ikaja oda. Familia moja ya Moa, kule pwani karibu na mpaka, walikuwa wanamwoza binti yao kwa kijana wa mjini. Walitaka mapambo, na walisikia kuna gari linakuja. Shangazi akasema gari lolote litakalonunuliwa lazima lifike Moa, basi tukalijaribu jeupe mpaka huko, kwa hao wenye shughuli. Jekundu hatukuliuliza, maana njia ile kipande chake cha mwisho ni cha vumbi na mawe. Kijana wa yadi alikubali kwa sharti na yeye awepo. Akakaa mbele na mimi. Shangazi akakaa nyuma katikati kama malkia, akaamuru paa lifunguliwe.

Kulifungua kuna utaratibu wake. Gari lisimame, breki ya mkono ivutwe, kisha unashikilia kitufe bila kukiachia. Vioo vinashuka vyenyewe, buti linajiinua kinyumenyume, lile paa linanyanyuka, linajikunja mara tatu na kuingia ndani, buti linafunika. Ukiachia kitufe katikati, linabaki limesimama hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Tukapita mjini. Mambo yote niliyoyaogopa yakatokea. Watoto walikimbia pembeni wakipiga kelele, "Bibi harusi! Bibi harusi!" Shangazi, mwanamke mwenye wajukuu, akawapungia. Wanawake wawili waliokuwa wanauza maandazi wakapiga vigelegele. Kwenye kijiwe cha bodaboda mmoja akapaza sauti, "Dereva, cheka basi! Umebeba harusi au msiba?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukateleza. Gari likanizimikia makutanoni, nikaliwasha, likazimika tena.

"Baba, huo uso," shangazi akasema kutoka nyuma, "utavunja ndoa za watu kabla hazijafika."

Nilishukuru tulipoiacha nyumba ya mwisho tukashika barabara ya Horohoro. Upepo ukanikausha. Lakini moyoni nilishakata shauri. Niliamua tukirudi nitasema jekundu, niwe muosha gari, yaishe.

Moa tulipokelewa na bibi yake binti. Alikuwa mfupi, amejifunga kanga mbili, ana fimbo ambayo haikumsaidia kutembea ila kunyooshea watu. Gari lilisimama mbele ya nyumba, paa likiwa wazi. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba, macho yakiwa kwenye gari.

"Limevunjika?" akauliza.

Kijana wa yadi, hodari wa maneno, alikuwa ameenda kando kupokea simu. Shangazi alikuwa ameshavutwa ndani kuonyeshwa uwanja wa kuweka turubai. Nikabaki mimi.

"Hapana bibi," nikasema. "Linafunuliwa."

"Linafanywaje?"

"Linafunuliwa. Bibi harusi akishapanda, tunalifunua, watu wote wamwone."

Wasomaji Waislamu wa pwani wameshacheka. Mimi harusi hizi nimezifanyia kazi tangu nikiwa mdogo, lakini kazi ya kubeba viti, upande wa wanaume. Neno hilo nililiokota midomoni mwa watu bila kujua uzito wake. Bibi harusi wao huwekwa ndani siku nyingi asionekane, hufunikwa, na siku yenyewe bwana harusi ndiye anayemfunua, chumbani. Mimi nilimwambia bibi mtu kwamba kazi hiyo nitaifanya mimi, kwa kitufe, barabarani, mbele ya wauza maandazi.

Yule bibi aliniinulia fimbo. "Mjukuu wangu afunuliwe njiani? Na nani? Na wewe?"

Watu walianza kutoka nyumba za jirani. Shingo ikawa moto. Shangazi alikuwa mbali. Nilijua nikinyamaza oda imepotea, na shangazi atakuwa na haki ya kutafuta dereva mwingine, mwenye mdomo. Ndipo nikaingia garini, nikavuta breki ya mkono, nikashikilia kitufe.

Buti likajiinua. Paa likatoka, likajikunjua juu ya viti polepole, likashuka mpaka mbele, likajifunga. Vioo vikapanda. Vioo vya nyuma vilikuwa vyeusi, hakuna kilichoonekana ndani. Nikashuka, nikasema kwa sauti ndogo, "Samahani bibi. Linafunikwa pia."

Alilizunguka. Akaligusa lile paa la kitambaa cheusi, akalisugua kwa vidole kama anayenunua nguo. Akachungulia kioo cha nyuma, akaona uso wake mwenyewe tu.

"Lo!" akasema. "Kumbe lina buibui lake!"

Wale majirani wakacheka, na mimi nikacheka, sikujua nacheka nini.

"Basi atapanda limefunikwa," akaniambia, "na litafika kwa mumewe limefunikwa. Wakishafika na kuingia ndani, ukitaka lifunue, ukitaka lipasue. Umenisikia?"

"Nimesikia bibi."

"Sasa fungua tena."

"Nifungue?"

"Mimi nimeshafunuliwa zamani. Nizungushe."

Akapanda nyuma, fimbo katikati ya magoti. Nikalifungua, nikaondoka naye peke yake, kijana wa yadi anakimbia nyuma yetu na simu sikioni. Tulizunguka kijiji kizima. Vijana waliokuwa wanashona nyavu wakasimama: "Bibi kaolewa! Bibi kaolewa!" Naye akawajibu, "Na nyie hamkualikwa!" Mzee mmoja mlangoni akauliza mahari ni nini. Bibi akamwambia, "Wewe ulishindwa, usiulize!" Kila tulipopita kelele zilizidi. Nilikuwa nimeyakaza macho barabarani, kama kawaida yangu, nikikwepa mashimo, na ilinichukua muda kugundua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa ananiangalia. Walikuwa wanamwangalia bibi. Mikono yangu ilikuwa mikavu.

Tuliporudi shangazi amesimama nje, mikono kiunoni. Alikuwa ameshasimuliwa na majirani kuhusu neno langu, niliona kwa jinsi alivyobana midomo.

"Mama, mnisamehe," alimwanzia yule bibi, "huyu mtoto wetu hajui kusema."

"Hajui kusema, ndiyo," bibi akajibu, akishuka. "Ila hajui na kuangalia. Tangu nimepanda hajanitazama kwenye kile kioo cha ndani hata mara moja. Nimemvizia. Dereva wa mwari nataka huyu. Wasemaji kama huyo wa simu kaeni nao wenyewe."

Njiani kurudi kijana wa yadi alinuna. Tulipofika lami shangazi akauliza, bila kuinama mbele, kama anayeuliza saa, "Haya. Lipi?"

"Jeupe," nikasema.

"Sijasikia, upepo."

"Jeupe, shangazi!" Nilipaza mpaka mwendesha baiskeli aliyekuwa pembeni akageuka.

Kirikuu kiliondoka wiki ile ile. Aliyekinunua anauza matikiti, na mlango wa kulia sikumwambia unavyofungwa kwa kuuinua, atajua mwenyewe. Jekundu nalo limepata mtu. Nimeliona mara moja likipita, limeinamishwa kwenye tuta upandeupande vilevile nilivyofanya mimi, na lilinivuta kifuani, sitasema uongo. Kuna siku nadhani nilikosea. Kuna siku naamka najua sikukosea, nikifika saa nne sijui tena.

Harusi ya Moa ni Jumamosi inayokuja. Suti imeshonwa, imetundikwa, naipita bila kuitazama. Kila siku nalifungua paa na kulifunga, kulifungua na kulifunga, mpaka shangazi anapiga kelele kwamba nitamaliza betri. Lakini kinachonikosesha raha si paa wala watu wa barabarani. Ni kile kioo cha ndani. Yule bibi amenisifu kwa kutokitazama, na pale Moa nilikuwa sikitazami kwa aibu tu. Jumamosi nyuma yangu atakaa bibi harusi na mumewe, na mbele somo, na bibi mwenyewe amesema atapanda gari la nyuma yetu ili aone. Nikikiacha kioo kilivyo, nitamwona mwari nikitaka nisitake. Nikikigeuza juu, nyuma sitaona kitu, na barabara ya Horohoro ina malori.

Nimewauliza madereva wa hapa, kila mmoja ananicheka na kunijibu lake. Kwa hiyo nawaomba ninyi mliosoma mpaka hapa. Kama umewahi kubeba maharusi, au ulibebwa wewe ukiwa nyuma umefunikwa, nieleze kile kioo dereva alikifanya nini, na kama ulijali. Andika hata mistari miwili, mwandiko wowote. Mimi nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote.